Uchangiaji wa msimbo katika Kubernetes

Uchangiaji wa msimbo katika Kubernetes ni utaratibu unaofuatwa na watu wa sehemu mbalimbali za dunia ili kuongeza, kurekebisha au kuondoa msimbo katika mradi wa programu huria wa Kubernetes. Kubernetes ni mfumo wa kuweka programu kwenye seva, kuziendesha na kuzisimamia zikiwa ndani ya kontena. Mtu yeyote anaruhusiwa kupendekeza badiliko, lakini hakuna badiliko linaloingia kabla ya kujaribiwa na mashine na kukubaliwa na watu wenye dhamana ya sehemu husika. Kwa hiyo kuandika msimbo ni sehemu tu ya kazi. Muda mwingi hutumika katika kukagua, kujadiliana na kutunza kile kilichokwisha kuingizwa.

## Usuli

Kontena ni kifurushi chenye programu pamoja na maktaba na mipangilio inayoihitaji ili ifanye kazi kwa namna ileile kwenye kompyuta yoyote. Kampuni yenye programu nyingi huwa na kontena nyingi, na kuziendesha kwa mkono kwenye seva nyingi ni kazi ngumu. Kubernetes hufanya kazi hiyo. Msimamizi hueleza hali anayoitaka, kwa mfano nakala tatu za programu fulani ziwe hewani wakati wote. Mfumo hulinganisha maelezo hayo na hali halisi kila wakati. Seva moja ikizimika, nakala iliyokuwa ndani yake huanzishwa upya kwenye seva nyingine.

Mradi ulianzishwa na wahandisi wa Google, wakiwemo Joe Beda, Brendan Burns na Craig McLuckie, kutokana na uzoefu wa kampuni hiyo na mfumo wake wa ndani uitwao Borg. Msimbo wake uliwekwa wazi Juni 2014, na toleo la 1.0 lilitoka Julai 2015. Baadaye mradi ulikabidhiwa kwa Cloud Native Computing Foundation (CNCF), taasisi iliyo chini ya Linux Foundation, ili usimilikiwe na kampuni moja.

Jina Kubernetes linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nahodha au mshika usukani, na nembo ya mradi ni usukani wa meli. Mara nyingi jina hufupishwa kuwa K8s, ambapo 8 ni idadi ya herufi zilizo kati ya K na s.

Sehemu kubwa ya msimbo imeandikwa kwa lugha ya Go na inatolewa chini ya leseni ya Apache 2.0. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza, hata kwa biashara.

## Muundo wa mradi

Msimbo wa Kubernetes umehifadhiwa kwenye tovuti ya GitHub. Hazina kuu ya msimbo inaitwa kubernetes/kubernetes, na kando yake zipo hazina nyingine za nyaraka, zana za majaribio na miradi midogo.

Kazi imegawanywa kwa vikundi vya kudumu vinavyojulikana kwa kifupi kama SIG. Kila kikundi kina eneo lake: SIG Network hushughulikia mawasiliano kati ya kontena, SIG Storage uhifadhi wa data, SIG Node programu inayoendesha kontena ndani ya kila seva, na SIG CLI amri ya kubectl ambayo wasimamizi huitumia kuuelekeza mfumo. Vikundi hufanya vikao kwa video ambavyo mtu yeyote anaweza kuhudhuria. Juu ya vikundi vyote ipo kamati ya uongozi yenye wajumbe saba wanaochaguliwa na wachangiaji.

Dhamana ya msimbo imeandikwa ndani ya msimbo wenyewe. Folda nyingi zina faili liitwalo OWNERS, ambalo lina orodha mbili: wakaguzi, wanaosoma mabadiliko na kutoa maoni, na waidhinishaji, wenye mamlaka ya kukubali badiliko liingie. Mtu anayetaka kujua nani ataamua kuhusu badiliko lake huanza kwa kufungua faili hilo.

## Hatua za kuchangia

### Kuchagua suala

Hitilafu na mapendekezo huandikwa kwenye GitHub kama masuala. Masuala yanayowafaa wageni hupewa lebo ya `good first issue`, na yale yanayohitaji mtu wa kuyashika hupewa lebo ya `help wanted`. Anayetaka kulifanyia kazi suala huandika amri `/assign` chini yake ili wengine wajue kwamba limechukuliwa.

Mchangiaji anaweza pia kuanza na tatizo alilokutana nalo mwenyewe. Kwa mfano, mtu anayetumia kubectl anaweza kugundua kwamba akikosea kuandika faili la mipangilio, amri humpa ujumbe wa kosa usioonyesha kosa liko wapi. Hatua ya kwanza ni kutafuta kama suala hilo limekwisha kuripotiwa. Kama halijaripotiwa, analiandika akieleza toleo analotumia, alichofanya, alichotarajia na kilichotokea.

Kasoro za usalama haziripotiwi kwa njia hiyo. Hupelekwa kwa faragha kwa kamati ya usalama ya mradi, ili marekebisho yapatikane kabla ya wahalifu kuijua kasoro.

### Kutia saini makubaliano

Kabla ya msimbo kupokelewa, mwandishi wake lazima atie saini makubaliano ya mchangiaji. Makubaliano hayo yanathibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo na kwamba mradi unaruhusiwa kuutumia. Anayechangia kwa niaba yake mwenyewe hutia saini makubaliano ya mtu binafsi. Anayechangia kama sehemu ya kazi ya mwajiri huhitaji mwajiri awe ametia saini makubaliano ya taasisi. Tofauti hii si ya kupuuzwa, kwa kuwa katika mikataba mingi ya ajira msimbo unaoandikwa kazini ni mali ya mwajiri.

Anwani ya barua pepe iliyo kwenye mabadiliko lazima ilingane na ile ya akaunti iliyotumika kutia saini. Kutolingana kwa anwani ni miongoni mwa sababu za kawaida zinazokwamisha ombi la mgeni siku ya kwanza.

### Kuandaa kompyuta

Mchangiaji hutengeneza nakala yake ya hazina kwenye GitHub, kisha huipakua kwenye kompyuta yake kwa programu ya Git. Hazina kuu ni nzito kwa sababu inabeba historia yote ya mradi. Mwenye intaneti ya kupimia anaweza kupunguza mzigo kwa kutumia chaguo la `--depth` la Git, ambalo hupakua historia ya karibuni pekee.

Kujenga mfumo mzima huhitaji kompyuta yenye kumbukumbu na nafasi ya kutosha, lakini si kila kazi inahitaji hivyo. Anayerekebisha sehemu moja anaweza kujenga na kujaribu sehemu hiyo tu. Zana iitwayo kind huwezesha kuendesha klasta nzima ya Kubernetes ndani ya kontena kwenye kompyuta moja, bila kukodi seva. Nyaraka za mradi zinaweza kuhaririwa moja kwa moja kwenye kivinjari, na watu wengi huanzia huko.

### Kuandika na kujaribu

Mabadiliko hufanywa kwenye tawi jipya, si kwenye shina la mradi. Katika mfano wa kubectl, msimbo unaohusika upo ndani ya hazina kuu, katika folda ya `staging/src/k8s.io/kubectl`. Ipo pia hazina nyingine inayoitwa kubernetes/kubectl, lakini msimbo ulio humo unanakiliwa na mashine kutoka hazina kuu. Mgeni asiyelijua hilo anaweza kuandaa kazi yake mahali pasipopokea mabadiliko ya msimbo huo.

Badiliko la msimbo linatarajiwa kuja na jaribio lake. Kwa hitilafu, jaribio zuri ni lile linaloshindwa kabla ya rekebisho na kufaulu baada yake, kwa kuwa huthibitisha kwamba tatizo lilikuwapo na huzuia lisirudi. Amri ya `make test` huendesha majaribio ya vipande vidogo vya msimbo. Baadhi ya faili hutengenezwa na mashine kutokana na faili nyingine, na mchangiaji anayegusa faili za chanzo hulazimika kuzitengeneza upya kwa `make update`.

### Kuwasilisha

Kazi ikikamilika, mchangiaji hufungua ombi la kuunganisha, yaani ombi rasmi kwamba mabadiliko ya tawi lake yaingizwe katika shina. Fomu ya ombi humtaka aeleze badiliko ni la aina gani, linatatua suala lipi, na kama linahitaji kutajwa katika taarifa ya toleo jipya. Taarifa hiyo huandikwa kwa ajili ya watumiaji. Kama badiliko haliwagusi, huandikwa neno `NONE`.

Roboti ya mradi, yenye akaunti iitwayo k8s-ci-robot, hujibu mara moja. Huweka lebo ya ukubwa kulingana na idadi ya mistari iliyobadilika, kuanzia XS kwa mistari isiyofika 10 hadi XXL kwa mistari 1,000 na zaidi. Pia hupendekeza wakaguzi kutoka katika faili za OWNERS. Ombi dogo hupata mkaguzi kwa urahisi zaidi, kwa hiyo wachangiaji wenye uzoefu huigawa kazi kubwa katika maombi kadhaa yanayofuatana.

Ikiwa mwandishi si mwanachama wa mradi, majaribio hayaanzi yenyewe. Mwanachama husoma kwanza msimbo, kisha huandika `/ok-to-test`. Tahadhari hii ipo kwa sababu majaribio huendeshwa kwenye seva za mradi, na msimbo wa mtu asiyejulikana unaweza kuzitumia vibaya.

### Ukaguzi

Mkaguzi husoma msimbo na kuuliza maswali: je, badiliko linatatua tatizo lililotajwa? Je, linaharibu kitu kwa watumiaji wa sasa? Je, mtu mwingine ataweza kulielewa baada ya miaka miwili? Katika mfano wa kubectl, mkaguzi anaweza kuuliza kama kuna watu walioandika hati za kompyuta zinazosoma ujumbe wa zamani neno kwa neno. Swali kama hilo linaweza kumshangaza mgeni aliyebadilisha mstari mmoja tu, lakini ujumbe ukibadilika hati hizo zitaacha kufanya kazi bila wenyewe kujua.

Mkaguzi akiridhika huandika `/lgtm`, kifupi chenye maana kwamba msimbo unaonekana kuwa sawa. Mwidhinishaji naye huandika `/approve`. Kibali cha kwanza kinahusu ubora wa msimbo. Cha pili kinahusu kama badiliko linafaa kuwemo katika mradi. Mwandishi akiongeza msimbo mpya baada ya ukaguzi, kibali cha kwanza hufutika na mkaguzi husoma tena. Mtu akiona jambo la kujadiliwa zaidi anaweza kuandika `/hold` na kulisimamisha ombi.

### Kuunganishwa

Vibali vikikamilika na majaribio yanayotakiwa yakifaulu, ombi huingizwa kwenye shina na programu iitwayo Tide. Kwa kawaida hakuna mtu anayebonyeza kitufe. Wakati mwingine jaribio hushindwa bila kosa la mwandishi, kwa kuwa baadhi ya majaribio hayatabiriki; mwandishi huandika `/retest` baada ya kusoma kumbukumbu za jaribio. Kurudia bila kusoma hakushauriwi, maana kushindwa huko kunaweza kuwa dalili ya kasoro ya kweli.

## Mabadiliko makubwa

Kipengele kipya hakianzi na msimbo. Huanza na hati ya pendekezo inayojulikana kama KEP, inayoeleza tatizo, suluhisho, hatari zake, namna litakavyojaribiwa na namna ya kulizima likileta madhara. Kikundi husika kikilikubali, kipengele huingia kwa hatua tatu. Katika hatua ya alfa kwa kawaida huwa kimezimwa na huwashwa na anayetaka kukijaribu. Hatua ya beta hufuata, na mwishoni kipengele hutangazwa kuwa thabiti. Safari hiyo hupitia matoleo kadhaa, hivyo inaweza kuchukua zaidi ya mwaka.

Kuondoa msimbo nako kunahitaji subira. Sehemu iliyoitwa dockershim, iliyounganisha Kubernetes na Docker, ilitangazwa kuwa ingeondolewa katika toleo la 1.20 mwezi Desemba 2020. Tangazo hilo lilizua hofu kwa watumiaji wengi, waliodhani kwamba kontena walizotengeneza kwa Docker zingeacha kufanya kazi, jambo ambalo halikuwa kweli. Sehemu hiyo iliondolewa katika toleo la 1.24 mwaka 2022, baada ya watumiaji kupewa muda wa kuhama.

## Mzunguko wa matoleo

Tangu mwaka 2021 Kubernetes hutoa matoleo matatu kwa mwaka. Kila mzunguko una tarehe ya mwisho ya kusajili vipengele vipya na tarehe ya kufungwa kwa msimbo. Baada ya tarehe hiyo ya pili, mabadiliko yasiyo ya lazima kwa toleo hilo husubiri linalofuata. Mchangiaji anayewasilisha ombi siku chache kabla ya kufungwa huweza kulikuta limekaa wiki kadhaa bila jibu, si kwa sababu ni baya bali kwa sababu wakaguzi wanamalizia kazi zilizopangwa. Matoleo ya zamani yanayoendelea kutunzwa hupokea marekebisho ya hitilafu tu, si vipengele vipya.

## Ngazi za wachangiaji

Mamlaka katika mradi hupatikana hatua kwa hatua.

* Mwanachama ni mtu aliyekwisha kuchangia mara kadhaa, aliyewasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yake, na aliyedhaminiwa na wakaguzi wawili. Maombi yake hujaribiwa bila kusubiri ruhusa.
* Mkaguzi ni mwanachama aliyeonyesha ujuzi wa sehemu fulani ya msimbo kwa kukagua kazi za wengine. Jina lake huwekwa katika faili la OWNERS.
* Mwidhinishaji ni mkaguzi mwenye uzoefu zaidi, anayeangalia badiliko kwa mapana yake na kuamua kama liingie.

Kupanda ngazi hakutegemei wingi wa mistari iliyoandikwa. Anayekagua kazi za wengine kwa makini hujenga imani haraka kuliko anayetuma maombi mengi ya kusahihisha nukta na herufi. Mwongozo wa mradi hauhimizi masahihisho madogo ya aina hiyo yanayotumwa moja moja, kwa kuwa kila ombi, hata la herufi moja, huchukua muda wa mkaguzi na wa seva za majaribio.

## Changamoto

Tatizo kubwa ni uchache wa wakaguzi kulinganisha na wingi wa maombi. Suala lisiloguswa kwa siku 90 hupewa lebo na roboti kwamba limechakaa. Likikaa kimya kwa siku nyingine 60 hufungwa. Wengine huona utaratibu huu kuwa wa baridi, hasa kwa mgeni aliyesubiri jibu. Upande wa pili, bila utaratibu huo orodha ingejaa mambo ambayo hakuna mtu wa kuyashughulikia.

Mfano wa hatari ya uchache huo ni Ingress NGINX, mradi mdogo wa Kubernetes unaopokea maombi kutoka intaneti na kuyaelekeza kwenye programu zilizo ndani ya klasta. Ulitumiwa na taasisi nyingi duniani, lakini kwa miaka mingi ulitunzwa na mtu mmoja au wawili tu, wakifanya kazi hiyo nje ya saa zao za ajira. Machi 2025 ilitangazwa kasoro ya usalama yenye namba CVE-2025-1974, iliyopewa alama 9.8 kati ya 10, ambayo ingeweza kumpa mshambuliaji aliye ndani ya mtandao wa klasta udhibiti wa klasta nzima. Kasoro ilirekebishwa. Hata hivyo, Novemba 2025 ilitangazwa kwamba mradi huo ungestaafishwa, na utunzaji wake kuendelea kwa kadiri ya uwezo hadi Machi 2026. Watumiaji walishauriwa kuhamia kwenye njia nyingine. Watu waliohitaji programu hiyo walikuwa wengi. Waliojitokeza kuitunza hawakutosha.

Lugha na saa ni vikwazo pia. Majadiliano karibu yote hufanyika kwa Kiingereza. Kikao kilichopangwa saa nne asubuhi kwa saa za California huangukia saa mbili usiku Nairobi na Dar es Salaam wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa tatu usiku wakati wa baridi. Kwa sababu hiyo maamuzi muhimu huandikwa kwenye masuala na maombi, na vikao hurekodiwa, ili asiyeweza kuhudhuria afuatilie na kujibu kwa maandishi.

## Umuhimu

Kubernetes huendesha huduma za kampuni za mtandao, benki, vyuo na serikali, hivyo badiliko dogo katika hazina kuu huwafikia watu wengi wasiojua kwamba wanaitumia. Ndiyo sababu mlango wa kupendekeza uko wazi kwa wote, lakini mlango wa kuingiza unalindwa na vibali na majaribio.

Kwa mchangiaji, faida mojawapo ni kwamba kazi yake hubaki hadharani. Maombi yake, maswali aliyoulizwa na majibu aliyotoa yanaweza kusomwa na mwajiri yeyote. Kwa mradi, mchangiaji mwenye thamani zaidi ni yule anayebaki baada ya ombi lake la kwanza kukubaliwa na kuanza kusoma maombi ya wengine, kwa kuwa msimbo ulioingizwa leo utahitaji mtu wa kuutunza kesho.